Mboga za Jangwani Nje ya Kuta za Riyadh

Al-Dirah, mtaa wa kale wa Riyadh, hutajwa zaidi kwa ajili ya ngome ya Masmak, iliyotekwa na Abdulaziz Al Saud mwezi Januari 1902. Wanahistoria wamesimulia sana habari za vita hivyo. Habari za vyungu vya wenyeji wa Najd, kwa bahati mbaya, wamezipa nafasi ndogo.

Huko, neema ya majira ya kuchipua huamuliwa miezi mingi kabla. Mvua za wasm, ambazo msimu wake huhesabiwa siku 52 tangu katikati ya Oktoba, zikinyesha vyema, jangwa huota majani kufikia Februari na Machi. Zikikosekana, mbegu hulala mchangani, ngamia hukonda, maziwa hukatika, na zamani familia ya Kibedui ilibaki na tende zake.

Mwaka wa mvua, watu walichuma humaidhi, yenye majani machachu, wakaitafuna mbichi malishoni. Khubaiza, iliyo katika ukoo mmoja na bamia, huchemshwa, nayo huteleza kama mlenda. Chini ya ardhi walichimbua faga, aina ya uyoga, wakaichoma katika majivu.

Kuna pia mmea uitwao huwwa, ulioliwa mbichi. Msikilizaji wa Tanga au Unguja anamjua nduguye: ni wa jenasi ya Launaea, sawa na mchunga wetu. Ila mchunga huchemshwa kwanza, maji yake machungu yakamwagwa, ndipo ukatiwa nazi.