Jina na Kitovu: Sentrosomu, Saratani na Istilahi za Kiswahili

Wenyeji na wageni wa Unguja wamezoea kusimuliwa kwamba Bububu, kaskazini mwa Mji Mkongwe baada ya kupita Mtoni, ilipata jina lake kutokana na mlio wa gari moshi. Reli iliyojengwa na Wamarekani ilianza kazi mwaka 1905, ikiunganisha mji na Bububu kwa mwendo wa maili saba hivi, na gari likisikika likinguruma bu-bu-bu. Maelezo hayo yanapendeza, lakini tarehe zinayakanusha. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kujulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, naye alikuwa amekaa huko kabla ya kuihama Unguja mwaka 1866. Jina, basi, liliitangulia reli kwa takriban miaka arubaini. Maelezo ya pili yanayahusisha maji ya chemchemi, zile ambazo Sayyid Barghash aliyavuta maji yake hadi mjini. Haya yana uzito zaidi, kwani kitenzi bubujika kingali hai vinywani mwa watu.

Kisa hiki chafaa kuwa mlango wa suala la istilahi za sayansi, maana istilahi nazo huelezwa kwa urahisi kutokana na sura ya neno, na sura hiyo mara nyingi hupotosha.

Mwaka 1888, miaka miwili tu baada ya kitabu cha Salme, na katika Ujerumani hiyohiyo alimoishi, mtaalamu Theodor Boveri alilipa jina umbo dogo alilolichunguza katika mayai ya mnyoo wa farasi. Aliliita sentrosomu, yaani mwili wa katikati. Mbelgiji Edouard van Beneden alikuwa amekwisha kuliona umbo hilo katika mnyoo huohuo. Jambo la kushangaza ni kwamba seli inapogawanyika, mwili huo wa katikati haukai katikati. Hujizidisha ukawa miwili, kila mmoja ukaelekea ncha yake, na baina yao zikatandazwa nyuzi ambazo huzishika kromosomu na kuzivuta pande mbili kwa usawa. Hivyo jina linatunza mahali umbo lilipoonekana, wala halielezi kazi yake.

Boveri hakuishia kwenye kutaja. Alichukua mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba, yule ambaye wavuvi wa pwani huchelea kumkanyaga, akayarutubisha kwa mbegu mbili za kiume badala ya moja. Yai lililopata sentrosomu za ziada lilijenga ncha nne badala ya mbili, kromosomu zikavutwa huku na huko bila hesabu, na viinitete vingi vikaharibika. Kutokana na ushahidi huo aliandika mwaka 1914, mwaka mmoja kabla ya kufariki, kwamba uvimbe mbaya huenda ukaanza na seli moja iliyogawanya kromosomu zake vibaya. Kwa muda mrefu rai hiyo haikupewa uzito uliostahili. Leo inafahamika kuwa seli za saratani za aina nyingi zina sentrosomu kupita kiasi, ingawa wataalamu wangali wanabishana ni wapi hali hiyo huwa chanzo na wapi huwa matokeo.

Katika Afrika Mashariki mjadala huo si wa maabara pekee. Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania. Husababishwa na virusi vya papiloma, na protini mojawapo ya virusi hivyo huvuruga utaratibu wa seli hata sentrosomu zikazidi. Mwaka 2018 nchi ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya virusi hivyo. Mama anayeulizwa idhini ya chanjo ana haki ya kuelezwa, kwa lugha yake, ni nini kinachozuiwa.

Je, lugha hiyo ina maneno? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yapo. Saratani ni kaa kwa Kiarabu, na kansa inarudi kwa kaa wa Kilatini. Waswahili, ambao kaa wanamla, hawakuona haja ya kuutafsiri ugonjwa huo kwa mnyama yule, na hakuna aliyepungukiwa kwa kutojua asili ya neno. Wapo watakaopendelea kuiita sentrosomu kitovu cha seli. Pendekezo hilo lina mvuto, lakini lina kasoro mbili: mwanafunzi atalichanganya na kiini, na litarudia kosa la Boveri la kulitaja umbo kwa mahali. Utohoaji, ambao wapenzi wa lugha huubeza kuwa ni uvivu, hapa una busara, kwa sababu sentrosomu haimdanganyi msikilizaji wa Kiswahili kwa sura yake. Humlazimu kuuliza.

Tatizo liko darasani. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na huko Bara Kiingereza hushika nafasi hiyo sekondari. Kwa hiyo istilahi zilizotafutwa kwa jasho hubaki kamusini. Mwanafunzi wa Bububu anayechunguza mgawanyiko wa seli kwa hadubini aghalabu hupewa ncha ya mzizi wa kitunguu, ambamo ataziona nyuzi na kromosomu lakini sentrosomu hataiona, hata atafute mchana kutwa. Mimea ya maua, kuanzia kitunguu hadi mkarafuu ulio nje ya dirisha lake, hugawanya seli zake bila umbo hilo. Asipoambiwa hivyo kwa lugha anayoielewa, atadhani kosa ni la macho yake.