Chanzo cha Nile, chanzo cha habari

Kwa Kiswahili, chanzo ni pale mto unapoanzia, na pia ni pale habari ilipotoka. Nikifundisha vijana kuhariri Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, somo la kwanza ni Jinja, maana hapo vyanzo hivyo viwili vinakutana.

Naandika ubaoni: “Speke aligundua chanzo cha Nile.” Halafu nauliza: nani kasema? Jibu ni Speke mwenyewe. Alifika Jinja tarehe 28 Julai 1862, akayaita maporomoko Ripon kwa heshima ya bwana mkubwa wa kwao, na mwaka 1863 akachapisha kitabu. Lakini Wasoga tayari walikuwa na jina la mto wao, Kiyira. Na katika msafara alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India. Ukienda leo, maporomoko yenyewe hutayaona. Yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954.

Basi vijana wanafuta “aligundua” na kuandika “Mzungu wa kwanza anayejulikana kufika”.

Somo la pili ni Mbale. Eti mji ulianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyefariki mwaka 1928. Sawa, mji. Lakini Wagisu walikuwa wakiishi tayari kwenye miteremko ya mlima Elgon, ambao wao wanauita Masaba. Hakukuta pori tupu.

Siku hiyo kijana mmoja akaniuliza: “Mwalimu, habari za kijiji chetu ananisimulia babu. Niandike chanzo ni babu?” Nikamwambia ukweli: Wikipedia haikubali, inataka kilichochapishwa. Akasema, “Kwa hiyo Speke anaaminiwa, babu haaminiwi.” Nilinyamaza.

Leo ninalo jibu, japo nusu. Mwandike babu: jina lake, tarehe, alikuwa wapi, nini alikiona mwenyewe na nini alisikia. Kisha mpelekee mzee mwingine, muone wanapotofautiana. Hapo ndipo kuchapisha kunaanzia.

Na swali la ubaoni tulitumie hata kwenye simu zetu. Ukiletewa ujumbe kwamba orodha ya kwenda Kanada imetoka, au chakula kimekatwa, usiusambaze kwanza. Uliza: nani kasema? Yeye alijuaje? Lini?

Wazee wetu hawatatungoja. Mwenye babu au bibi nyumbani aanze jioni hii.