Kiolezo na Kipimo: Mafundi wa Mbao wa Nachingwea na Ruangwa

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na mashairi peke yake. Umo pia katika kigoda tunachokalia, katika kinu kinachotwangiwa nafaka, na katika mlango unaotulinda usiku. Vitu hivyo vina historia, na ndani ya historia hiyo mna jambo ambalo waandishi wetu wengi wamelipita bila kulitazama, nalo ni kipimo. Kila fundi, kabla hajashika tezo wala msumeno, hana budi kujua kitu anachotaka kukifanya kitakuwa na umbo gani na ukubwa gani. Umbo hilo linapowekwa kando ili lifuatwe tena na tena, twaliita kiolezo. Katika makala haya twataka kueleza safari ya kiolezo katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, tangu enzi za shubiri hadi enzi zetu hizi za kompyuta.

Tuanze na wazee. Nchi hiyo, iliyokuwa wilaya moja ya Nachingwea hadi Ruangwa ilipotengwa kuwa wilaya mwaka 1995, ni nchi ya Wamwera zaidi, pamoja na Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wangindo. Misitu yake ina mpingo, mninga, mkongo na mpangapanga. Kama ilivyo kwa watu wengi wa Afrika ya Mashariki, kipimo cha wazee kilikuwa mwili wa binadamu: upana wa kidole ni wanda, kiganja kilichotandazwa ni shubiri, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole ni dhiraa, na mikono miwili iliyonyoshwa ni pima, yaani dhiraa nne. Kipimo hicho hakikulingana baina ya mtu na mtu, lakini kilikuwa na hekima yake. Kitu kilipimwa kwa mwili wa yule atakayekitumia. Mchonga lipiko, kinyago cha kuvaliwa katika ngoma, hakuweza kusahau kwamba ndani yake kitaingia kichwa cha mtu.

Tena mchongaji wa mpingo hakuwa na haja ya kuchora kwanza. Gogo lenyewe lilimwongoza. Mpingo ni mti mzito unaozama majini. Kiini chake ni cheusi, ganda lake la nje ni jeupe, na mara nyingi moyo wake una ufa au uwazi. Fundi huligeuza gogo, huutazama ufa, kisha huliweka umbo mahali ambapo ufa hautaliharibu. Kiolezo chake kimo katika jicho, na ukubwa wa kazi huamuliwa na mti. Seremala hana uhuru huo. Miguu minne ya kiti lazima ilingane, na kwa hiyo yeye ndiye aliyehitaji kiolezo cha ubao au cha karatasi.

Ukoloni ulipofika ulikuja na vipimo vyake. Wajerumani walitumia mita. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijazimika kabisa, mtaalamu Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alisafiri katika bara la Lindi, hadi Masasi na Newala, akikusanya vitu vya wenyeji. Aliwapa Waafrika kalamu na karatasi wachore, na baadhi ya michoro yao ikatiwa katika kitabu chake cha mwaka 1908. Twapenda kulikumbuka jambo hilo, kwa kuwa lathibitisha kwamba mkono wa Mwafrika haukuwa mgeni wa mchoro; palipokosekana karatasi, haikukosekana akili ya kuchora. Lakini vitu vilivyokusanywa vilikwenda Ulaya, na watoto wa waliovichonga wakabaki bila mifano yake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza na inchi zao. Seremala aliyefunzwa kwa mita akalazimika kujifunza upya. Kisha, mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ikaanzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa kufyeka misitu, na bandari ya Mtwara ikajengwa pamoja na njia ya reli iliyoelekea Nachingwea. Mpango ulikufa mwaka 1951, na baadaye reli nayo iling'olewa. Hapo pana funzo kwa kila mpimaji: mpango ulichorwa mezani kwa ukubwa ambao ardhi, mvua na mashine havikuukubali. Kitu kinachofaa kikiwa kidogo hakifai lazima kikikuzwa.

Baada ya Uhuru taifa letu lilirudi kwenye mita, na mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea ikaipa kazi ya mikono heshima mpya shuleni. Hata hivyo inchi haikufa. Hata leo mnunuzi wa mbao huomba "mbili kwa nne" au "moja kwa nane", na urefu huutaja kwa futi, ilhali mchoro wa darasani umeandikwa kwa milimita. Fundi wetu huishi katika vipimo viwili kwa wakati mmoja, naye hana budi kukumbuka kwamba inchi moja ni milimita 25.4.

Siku hizi kiolezo kimeingia katika kompyuta. Kijana aweza kuchora kigoda kwa programu ya usanifu, akakikuza au kukipunguza, kisha akakichapa kwa printa na kukibandika juu ya ubao ili afuate mistari kwa msumeno. Ni jambo jema, lakini lina mitego ambayo mwalimu hana budi kuieleza. Mtego wa kwanza ni ule ule wa inchi na mita: kiti chenye kimo cha milimita 300, kompyuta ikizisoma kuwa inchi, kitakuwa na kimo cha zaidi ya mita 7.6. Mtego wa pili ni printa, ambayo mara nyingi huupunguza mchoro ili uenee katika karatasi. Ikiupunguza hadi asilimia 94, mguu wa milimita 400 hutoka milimita 376, na mtazamaji haoni tofauti. Dawa yake ni kuchora pembeni mstari wa milimita 100 na kuupima kwa rula kabla ya kukata chochote. Tena karatasi ya kawaida ina milimita 210 kwa 297. Mguu huo hauenei, basi hugawanywa katika kurasa mbili zenye alama za kuziunganisha.

Mtego wa tatu ni mkubwa zaidi, nao hauhusu mashine bali hesabu. Tukikuza kiolezo kwa asilimia 120, tundu la milimita 25 huwa la milimita 30. Lakini ubao wa dukani ungali ni wa inchi moja, na ulimi wake utachezacheza ndani ya tundu. Na tukikuza kigoda mara mbili kila upande, eneo lake huwa mara nne, na uzito wake mara nane. Miguu iliyonenepa mara nne sasa hubeba mzigo wa mara nane. Wazee hawakuandika hesabu hiyo, lakini jicho lao liliijua: chombo kikubwa walikipa umbo jingine, hawakukipanua kile kidogo.

Kwa nini tunalisisitiza jambo hili? Kwa sababu karatasi iliyoharibika hutupwa, lakini mti haurudi. Mpingo huchukua miongo mingi kufikia ukubwa wa kuvunwa. Mtoto akiupanda leo, huenda atakayeukata ni mjukuu wake. Kukata ubao wa mti wa namna hiyo kwa mchoro usiopimwa ni kuharibu katika dakika moja kazi ya maisha ya mtu.

Liko na jambo la pili. Violezo vingi vinavyopatikana katika kompyuta vimechorwa na wageni kwa ajili ya nyumba zao. Vijana wetu wakivichapa hivyo tu, mafundi wa Ruangwa watakuwa wanakili wa watu wasiowajua, huku vigoda vya bibi zao vikioza uani. Mkataa kwao mtumwa. Basi twawaomba walimu wa Nachingwea na Ruangwa wawapeleke wanafunzi kwa wazee, wavipime vigoda, vinu na ngoma kwa milimita, wavichore, na kando ya kila mchoro waandike jina la fundi, kijiji chake, mti alioutumia, na sababu aliyoitoa ya umbo hilo. Mashine itakuza na kupunguza mistari kwa hiari yetu, lakini sababu haimo ndani yake. Sababu imo vinywani mwa wazee, na wazee hawatakaa milele.