Kupiga filamu za wanyama nyikani na chini ya bahari

MNYAMA wa porini hamsubiri mpiga picha. Anayetaka kumnasa kwenye kamera sharti azijue tabia zake, misimu yake na sheria za mahali anapoishi.

Hapa Kenya, waliotia fora katika kazi hii ni Alan Root na mkewe, Joan. Mwaka wa 1969 walitoa filamu kuhusu chemchemi za Mzima, zilizo katika Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Magharibi. Maji ya Mzima huchujwa na miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu, hivyo huwa maangavu mno. Wawili hao walizama humo na kuwapiga picha viboko wakitembea chini ya maji. Hata hivyo, waliporejea mwaka wa 1974, kiboko aliwashambulia. Aliiharibu miwani ya kupigia mbizi ya Joan, kisha akamng'ata Alan mguuni. Ikiwa mabingwa walipatwa na hayo, mgeni hana budi kujihadhari.

Nchi kavu, wakati unaofaa ni alfajiri na jioni, jua likiwa chini. Mwangaza huwa mwororo, na wanyama wengi wawindao huwa macho. Adhuhuri vivuli huwa vikali, na mvuke wa joto huitikisa picha ya mbali. Kamera ikiwa ndani ya gari, iegemeze juu ya mfuko uliojaa maharagwe au mchele, na dereva azime injini ili isitetemeke. Katika Maasai Mara, nyumbu huvuka mto kati ya Julai na Oktoba. Gari likiziba njia yao ukingoni, kundi zima huweza kurudi nyuma au kuvukia penye genge, wakaumia. Aidha, duma huwinda mchana, na akizingirwa na magari hupoteza windo lake, wana wakalala njaa.

Baharini, mambo hubadilika. Msimu wa kaskazi, takribani Novemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa safi. Kusi huleta mawimbi, nao Mto Sabaki humwaga tope jingi karibu na Malindi wakati wa mvua. Wapiga mbizi huenda zaidi katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka wa 1968, na Kisite kusini mwa pwani.

Maji humeza rangi, nyekundu ikitangulia. Kwa kina cha mita 10 hivi, samaki mwekundu huonekana wa kijivu. Dawa yake ni taa, au kioo chekundu mbele ya lenzi, na kumkaribia samaki polepole badala ya kumvuta kwa lenzi.

Isitoshe, mtu ajifunze kwanza kuelea bila kuzama wala kupaa ndipo ashike kamera. Teke moja la pezi huvunja tumbawe ambalo, likiwa la aina ya bonge, hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Anayetumia mtungi asizuie pumzi wala kupaa kwa haraka, kwani hewa hutanuka na kuyapasua mapafu. Wengi hukodolea macho kamera wakasahau kipimo cha hewa. Ndiyo maana mwenzi ni lazima.

Usiku, ufukweni, taa zizimwe. Mwangaza humfukuza kasa anayekuja kutaga mayai na huwapoteza vifaranga waendao baharini.

Mwaka wa 1998, joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Picha zilizopigwa kabla ya hapo ni ushahidi wa kilichokuwapo. Kwa hivyo, andika tarehe, mahali na kina cha kila picha: huenda siku moja ikawa kumbukumbu pekee iliyosalia.