Uingereza: Ugomvi wa pesa ya mkononi na barabara zilizofungwa haukuanza jana

Siku ya posho, tarehe 18 Februari 2023, watu karibu 2,000 walikusanyika katikati ya mji wa Oxford, nchini Uingereza, wakaandamana. Polisi ilikamata watu watano. Waandamanaji hawakuwa wakidai mshahara, wala hakukuwa na uchaguzi uliokuwa karibu. Wengi walikasirishwa na barabara za mitaa yao kufungiwa magari. Katika wiki hizo hizo, jijini London, wengine walisimama mbele ya duka la chakula lililokuwa limekataa noti na sarafu. Mmoja wao, Piers Corbyn, ndugu wa aliyekuwa mkuu wa chama cha Labour, alichukua stroberi akataka kuzilipa kwa sarafu.

Kwa mkaaji wa Goma, Bukavu au Bunia, habari hii inaweza kuchekesha kidogo. Barieri anayoijua yeye ina kamba na mtu mwenye bunduki, na hapiti bure. Dukani, taabu yake ni noti ya dola iliyopasuka pembeni ambayo hakuna anayeitaka, siyo duka lisilotaka noti yoyote. Hata hivyo, anayejua kulala njaa huku pesa iko kwenye simu na mtandao umekatika, ataelewa haraka kwa nini mzee wa Kiingereza anang'ang'ania sarafu zake. Na historia ya nchi hiyo inaonyesha kwamba mambo haya mawili, pesa ya mkononi na njia ya kupita, yamewatoa watu wadogo barabarani kwa karibu miaka mia mbili.

Mwanzoni mwa karne ya 19, wachimbaji wa makaa ya mawe na wafua chuma wengi wa Uingereza na Wales hawakuona pesa siku ya mshahara. Tajiri aliwapa vipande vya chuma au karatasi vilivyokubaliwa katika duka moja tu, nalo lilikuwa duka lake mwenyewe au la mtu wake. Huko unga, sukari na mishumaa viliuzwa kwa bei aliyoipanga yeye, mara nyingi juu kuliko ya sokoni. Mama wa nyumba hakuweza kwenda kwa muuzaji mwingine, maana nani angepokea kile kipande? Familia zilikopa katika duka lile lile kabla mwezi haujaisha, na mshahara uliofuata ukawa umekwisha kuliwa kabla haujafika.

Wafanyakazi waligoma, wakaandika malalamiko, na mwaka 1831 Bunge likapitisha sheria: mshahara wa fundi ulipwe kwa sarafu ya nchi, na mkataba wowote wa kumlazimisha anunue katika duka fulani hauna nguvu. Watumishi wa nyumbani waliachwa nje ya sheria hiyo. Matajiri wengine waliendelea kuivunja, hata ikabidi sheria nyingine iongezwe mwaka 1887. Lakini neno lilikuwa limeandikwa: mtu aliyefanya kazi anastahili pesa anayoweza kwenda nayo popote.

Kongo nayo ililipa gharama ya neno hilo kutokuwepo. Wakati wa utawala wa Leopold II, watu wa mtoni walilipwa kwa vijiti vya shaba nyeupe vilivyoitwa mitako. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alizunguka huko mwaka 1903, na ripoti yake ya 1904 inataja vijiti hivyo mara nyingi. Bei ya kijiti aliipanga mwenye kukitoa.

Upande wa barabara, hadithi iliyo kubwa zaidi ni ya Wales. Barabara nyingi zilikuwa mikononi mwa makampuni yaliyopewa haki ya kuweka malango na kutoza ushuru ili kuzitengeneza. Tatizo ni kwamba makampuni yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa na malango yake. Mkulima wa kusini-magharibi mwa Wales alihitaji chokaa kwa udongo wake mchungu. Akienda na mkokoteni kuileta, aliweza kulipa lango la kwanza, la pili na la tatu kabla ya kufika nyumbani, na ushuru ukapita bei ya chokaa yenyewe. Miaka ile mavuno yalikuwa mabaya na kodi ya ardhi haikushuka.

Tarehe 13 Mei 1839, usiku, kundi la wanaume lilivunja lango la Efailwen. Walikuwa wamevaa nguo za wanawake na kupaka nyuso masizi, na kiongozi wao waliitwa Rebeka. Jina hilo wengi hulifungamanisha na kitabu cha Mwanzo, sura ya 24, pale Rebeka anapoombewa kwamba uzao wake umiliki malango ya wale wanaowachukia. Wakulima wa Wales walikuwa watu wa kanisa, na kifungu hicho walikijua. Mahali pengine walifanya mchezo kwanza: Rebeka alijifanya mama mzee asiyeona, akapapasa lango kwa fimbo, akawaambia binti zake kwamba kuna kitu kinamzuia kupita. Binti zake wakauliza kama walivunje. Kisha mashoka yakaingia kazini.

Mchezo huo ulikuwa na upande wake mweusi, na wanaousimulia kwa kicheko huusahau. Mwezi wa Septemba 1843, katika lango la Hendy, mwanamke mzee aliyelilinda, Sarah Williams, aliuawa kwa risasi. Hakuwa mwenye kampuni wala mwenye kupanga ushuru. Alikuwa mlinzi maskini kama wao. Serikali ilituma askari, lakini ilituma pia tume iliyoketi na kuwasikiliza wakulima mji kwa mji. Mwaka 1844 sheria mpya iliyaweka malango ya kusini mwa Wales chini ya bodi za wilaya, ushuru ukawa wa namna moja, na ule wa chokaa ukapunguzwa kwa nusu.

Sasa turudi Oxford, maana mji huo una kumbukumbu yake ya njia iliyofungwa, na haina uhusiano wowote na magari. Mwaka 1934, kaskazini mwa mji, kampuni ya ujenzi ilipandisha kuta mbili kukatiza barabara katika eneo la Cutteslowe. Zilipita mita mbili kwa urefu na juu zilikuwa na miiba ya chuma. Upande mmoja kulikuwa na nyumba za watu binafsi. Upande wa pili kulikuwa na nyumba zilizojengwa na mji kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, baadhi yao wakiwa wamehamishwa kutoka mitaa mibovu iliyobomolewa. Kampuni iliogopa kwamba wapangaji hao wangeshusha bei ya nyumba zake. Kwa hiyo mtoto aliyetaka kufika barabara kubwa ya basi alilazimika kuzunguka mbali, ingawa aliiona karibu.

Mwaka 1935 wakaaji walijaribu kuzibomoa wakiongozwa na Abe Lazarus, mkomunisti aliyejulikana mjini, na polisi wakawazuia. Mwaka 1938 mji wenyewe ulizibomoa. Kampuni ikazijenga tena, ikaenda mahakamani, ikashinda. Wakati wa vita, kifaru cha jeshi kilipita ndani ya ukuta mmoja kwa makosa, na ukatengenezwa tena! Ziliondolewa kabisa mwezi wa Machi 1959. Mtoto aliyezaliwa mwaka zilipojengwa alikuwa na umri wa miaka 24 au 25.

Wakati kuta zinaanguka, ule ulinzi wa pesa nao ulianza kulegea, tena bila kelele. Mwaka 1960 sheria iliruhusu mshahara ulipwe kwa hundi au benki, mfanyakazi akikubali. Mwaka 1986 zile sheria za 1831 na 1887 zilifutwa. Hakuna aliyeandamana sana, kwa kuwa benki ilikuwa karibu na noti zilipatikana. Basi za London ziliacha kupokea pesa ya mkononi tarehe 6 Julai 2014. Halafu likaja korona mwaka 2020, na maduka yakabandika karatasi mlangoni: lipa kwa kadi tu. Mwaka 2013 karibu nusu ya malipo yote nchini yalikuwa ya noti na sarafu. Mwaka 2023 yalikuwa asilimia 12. Tangu 2015 matawi ya benki zaidi ya 6,000 yamefungwa.

Wengi hudhani kwamba duka linalokataa noti ya mfalme linavunja sheria. Halivunji. Sarafu halali, katika sheria ya Uingereza, ni neno linalohusu kulipa deni. Mtu aliyeshika mkate dukani bado hana deni, na mwenye duka yuko huru kusema anataka kadi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kwamba watu wazima milioni 8 wangepata shida kama pesa ya mkononi ingepotea. Ndio wazee, watu wenye ulemavu, wanaopanga matumizi kwa kutenga noti kwenye bahasha, na wanawake ambao waume wao wanachungulia kila senti inayotoka kwenye akaunti. Malalamiko ya watu hao ni ya kweli kabisa.

Barabara nazo zilifungwa kwa nia ambayo si rahisi kuilaumu. Mwaka 2020 serikali ilitoa pesa kwa miji ili watu watembee na kuendesha baiskeli wakati basi zilikuwa tupu kwa hofu ya ugonjwa. Mabaraza yakaweka masanduku makubwa ya maua, nguzo, na kamera zinazosoma plaki, ili magari yasikatize katikati ya makazi. Mwenye miguu anapita, mwenye baiskeli anapita. Hii siyo Cutteslowe. Wanaoishi ndani ya mitaa hiyo wengi walifurahi, watoto wakacheza nje. Waliolia ni wale wa barabara za pembeni zilizopokea magari yote, na fundi bomba au muuguzi anayezunguka kwa wagonjwa na vyombo vyake. Oxford ilianza upande wa Cowley mwezi wa Machi 2021, na mashariki mwa mji mwezi wa Mei 2022. Nguzo zilivunjwa na kuchomwa usiku, zikawekwa tena, zikavunjwa tena. Wazee wa Efailwen wangeitambua kazi hiyo, ingawa safari hii hakuna aliyevaa gauni.

Mwezi wa Novemba 2022 baraza la mkoa wa Oxford likaidhinisha jambo jingine: kamera katika sehemu sita za mji kuzuia magari binafsi saa fulani, wakaaji wakipewa kibali cha siku 100 kwa mwaka. Baraza la mji, ambalo ni chombo tofauti, lilikuwa na mpango wake wa kuhakikisha kila mtu ana duka na daktari kwa mwendo wa dakika 15. Mitandao iliunganisha mipango hiyo miwili ikazaa uvumi: ati watu watafungiwa katika kata zao, watahitaji ruhusa kutoka, na pesa itafutwa ili serikali ijue kila mkate unaonunuliwa. Hakukuwa na mpango kama huo. Mtu angeweza kutoka kwa mguu, kwa basi, hata kwa gari lake akizungukia barabara kubwa ya nje.

Hapo ndipo raia wa kawaida walipopata hasara kubwa zaidi. Aliyesema tu kwamba bibi yake hawezi kununua maziwa bila kadi alijikuta amesimama safu moja na anayesema jua linadhibitiwa na matajiri. Wakuu wa mabaraza walipata njia rahisi ya kuwajibu wote pamoja: hawa ni watu wa uvumi. Uvumi ulifanya kazi ya wale wasiotaka kusikiliza, tena bila malipo. Kambini Kivu jambo hilo linajulikana: habari moja ya uongo kuhusu orodha ya chakula inatosha kuzima malalamiko kumi ya haki.

Kidogo kilipatikana hata hivyo. Sheria ya mwaka 2023 iliipa mamlaka ya fedha nguvu ya kuzibana benki ili watu waendelee kupata na kuweka noti karibu na nyumbani, na kanuni zake zilianza mwezi wa Septemba 2024. Maduka hayakuguswa. Ng'ambo, mji wa Philadelphia, Marekani, ulikataza maduka ya kadi tu mwaka 2019, na jimbo la Massachusetts lilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1978. Bunge la Uingereza lilikuwa bado linajadili: mwezi wa Aprili 2025 kamati yake ya fedha ilionya kwamba wanyonge wanaachwa nje, na kwamba huenda siku moja ikabidi maduka yalazimishwe.

Kuhusu barabara, mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa hukumu juu ya mtaa wa West Dulwich, kusini mwa London. Wakaaji hawakuvunja nguzo yoyote. Walikuwa wameandika hoja zao, kurasa 202, wakazipeleka kwa baraza kabla uamuzi haujakatwa. Mahakama haikusema kwamba kufunga barabara ni kosa. Ilisema baraza lilifanya uamuzi bila kuzizingatia kurasa hizo, na kwa sababu hiyo uamuzi haukuwa halali.