Orodha za bei za miche: databezi iliyosahaulika

Wasomaji, lile gugumaji lililoziba fuo za Kisumu miaka ya 1990 ni mmea wa mapambo. Asili yake ni Amerika Kusini, na watu waliusambaza duniani kwa ajili ya maua yake ya zambarau. Je, mtu anaweza kukisia mapema ni mmea upi utatoroka bustanini?

Makaratasi ya biashara yanasaidia. Mwaka 1881, kijana aitwaye Pliny Reasoner alianzisha kitalu cha miche huko Florida, Marekani. Kikaitwa Royal Palm Nurseries. Pliny alifariki mwaka 1888 kwa homa ya manjano, na ndugu yake Egbert akaendeleza biashara, akitoa katalogi za mimea na bei.

Mwaka 2009, Robert Pemberton na Hong Liu walichapisha utafiti uliotokana na katalogi za kitalu hicho za 1887 hadi 1930. Walipata spishi 1,903 za kigeni, wakahesabu kila moja iliuzwa miaka mingapi, kisha wakaangalia zipi sasa zinajiotea zenyewe porini. Zilizouzwa mwaka mmoja tu, ni asilimia 1.9 zilizotoroka. Zilizouzwa miaka 30 au zaidi, asilimia 68.8! Hakuna maabara hapo. Ni kunakili na kuhesabu.

Lakini kunakili kuna mitego, na hapa ndipo sisi wanaprogramu tunapohusika.

Kwanza, majina ya kisayansi hubadilika. Gugumaji lilijulikana kama Eichhornia crassipes. Mwaka 2018 likahamishiwa Pontederia. Kwa hiyo weka safu mbili: jina kama lilivyochapishwa, na jina linalokubalika leo. Usifute la kwanza kamwe, maana ndilo ushahidi.

Pili, katalogi iliyopotea si sawa na mmea usiouzwa. Ukijaza sifuri mahali pa pengo, umeupunguzia mmea miaka sokoni, na hesabu yote imeharibika.

Tatu, kompyuta husoma vibaya herufi za kale. Maktaba ya taifa ya kilimo ya Marekani ina katalogi zaidi ya 200,000, mkusanyiko ulioanzishwa mwaka 1904, na huwezi kuziandika zote kwa mkono. Mwaka 2015 Biodiversity Heritage Library ilijaribu njia ya kupendeza. Matokeo ya programu mbili za kusoma picha yalilinganishwa, na maneno yaliyotofautiana yakapelekwa kwenye michezo ya kompyuta, Smorball na Beanstalk. Mchezaji anachapa neno analoliona. Wengi wakikubaliana, neno limesahihishwa.

Na kwetu je? Vitalu vimejaa kando ya barabara zetu, na daftari za mauzo huishia kufungia maandazi. Ukimjua mwenye kitalu cha zamani, muombe akuruhusu uzipige picha kurasa zake, pamoja na tarehe. Mmea utakaotusumbua mwaka 2050 huenda tayari umeandikwa humo, pamoja na bei yake.