Chekechea Zilizoota Madrasani: Kutoka Mombasa hadi Kampala, na Neno kwa Salamabila

Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walipeleka ombi kwa Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia wakati huo: watoto wao wasaidiwe katika elimu. Watoto hao hawakuwa wavivu. Tangu wakiwa wadogo walikwenda chuoni, yaani madrasani, wakahifadhi sura za Kurani na kuzisoma kwa sauti nzuri. Lakini walipofika mlango wa darasa la kwanza walikuta wenzao waliopitia nasari, yaani chekechea, wanajua herufi na hesabu, na shule nyingine zilimpima mtoto kabla ya kumpokea. Aliyekosa nasari aliachwa nje, au aliingia akiwa nyuma tangu siku ya kwanza. Nasari zenyewe zilikuwa na ada, na wazazi wengi waliogopa kwamba mtoto akipelekwa huko dini yake itamtoka.

Uchunguzi ulifanywa, na jibu likaja kwamba kazi ianzie chini kabisa, kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, palepale penye madrasa. Mwaka 1986 jaribio lilianza Mombasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Aliyekabidhiwa ni mwalimu mwanamke, Bi Swafiya Said. Ilimbidi akae na wazee wa msikiti na akina mama wa mtaa, awaeleze kwamba mtoto anayecheza na mchanga na vifuu yumo masomoni, na kwamba Kurani haitasogezwa pembeni. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizofuata. Kumfundisha mtoto wa miaka minne kunahitaji subira. Kumbadilisha fikra baba yake kunahitaji subira na heshima pia.

Walimu walitoka wapi? Mtaani humohumo. Jamii iliwachagua wanawake wake, wengi wakiwa hawajawahi kushika cheti cha ualimu, wakapewa mafunzo kwa miezi kadhaa huku wakifundisha. Mkufunzi aliwafuata darasani, akatazama, akaketi nao baada ya watoto kuondoka. Mtaala ulichanganya mambo matatu: mafunzo ya dini, lugha na desturi za hapo, na mbinu ya HighScope iliyotoka Ypsilanti, Michigan, Marekani, ambayo humwachia mtoto nafasi ya kutenda mwenyewe.

Ingia katika moja ya madarasa hayo uone. Chini pametandikwa mikeka. Chumba kimegawanywa kona: ya nyumbani, ya kujengea, ya hesabu, ya vitabu. Vifaa vyake ni vifuu vya nazi, mbegu, vifuniko vya chupa, maboksi matupu, vipande vya kitambaa. Mwalimu anachutama mpaka macho yake yawe sawa na ya mtoto, anamwuliza leo atafanya nini. Mtoto anasema, anakwenda kufanya, kisha anarudi kuwaeleza wenzake alichofanya. Yule aliyekuwa akijificha nyuma ya kanga ya mama yake anajikuta anazungumza mbele ya watu.

Kona ya vitabu inastahili kusimuliwa peke yake. Mitaa mingi hiyo haikuwa na maktaba ya watoto, na nyumbani kitabu cha hadithi kilikuwa kitu adimu. Mwalimu wa chekechea ndiye aliyekuwa mkutubi. Alivitunza vitabu vichache vilivyopatikana, akatengeneza vingine kwa mkono, akasoma kwa sauti huku watoto wamemzunguka. Wapo wanawake waliofanya kazi hiyo mpaka wakastaafu, na mtaani bado wanaitwa Mwalimu na watu wazima wenye watoto wao.

Kutoka Mombasa mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Kampala, Uganda, mwaka 1993. Zanzibar elimu hii ya awali wanaiita elimu ya maandalizi, na sera ya elimu ya visiwani ya mwaka 2006 iliiingiza katika elimu ya lazima. Agosti 2007, miaka 25 tangu lile ombi la wazee, Aga Khan mwenyewe alihudhuria maadhimisho Mombasa. Kufikia wakati huo shule zilikuwa zimepita 200 katika nchi zote tatu, na watoto wasio Waislamu walikuwa wakipokelewa pia. Mwaka 2008 mtafiti Peter Mwaura na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto: waliosoma shule yoyote ya awali waliwazidi waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa wakaendelea zaidi kuliko wa shule nyingine za awali.

Fedha zilikuwa taabu siku zote. Ada ya wazazi haikutosha kumlipa mwalimu, na walimu wazuri walihamia kwingine. Ndipo ukabuniwa mfuko wa akiba: jamii inachanga, mpango unaongeza, fedha zinawekezwa pamoja na za shule nyingine, na faida inasaidia mshahara. Shule ikikamilisha masharti ya ubora na uongozi ilihesabiwa kuwa imehitimu na kujitegemea. Mshahara ulibaki mdogo, na ni haki kulisema hilo kila tunapowasifu wanawake hawa.

Nimeyaandika haya nikiwafikiria wasomaji wa Salamabila, Kasongo na Kabambare, katika jimbo la Maniema, Kongo. Kiswahili chetu na madrasa zetu vilikuja Maniema kutoka pwani ya Afrika Mashariki, enzi za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, kwa njia iliyojaa mateso ya utumwa. Leo Waislamu wa Maniema ni wengi kuliko katika majimbo mengi ya Kongo, na madrasa zipo. Mwaka 2019 serikali ilitangaza shule ya msingi kuwa bure, lakini maternelle, yaani chekechea, haikuingia katika mpango huo. Katika nchi ya dhahabu kama yetu, mtoto ambaye hana pa kwenda asubuhi humfuata mkubwa wake hadi kwenye mashimo ya machimbo.

Basi wazee wa misikiti, mapadri, wachungaji na akina mama wa vikundi vya akiba, kaeni pamoja. Tafuteni chumba kimoja kinachokaa wazi asubuhi. Chagueni wanawake wawili kutoka katika mtaa wenu, mwombeni mwalimu wa maternelle aliyestaafu awafundishe, na kabla ya kununua mkeka wa kwanza kubalianeni nani atawalipa na kwa fedha zipi.